Bahari Iliyonyamaziwa: Kuisoma Upya Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kawaida hufundishwa kama mawaidha: mshairi auonya moyo wake usihadaike na dunia, na magofu ya Pate ndiyo ushahidi wake. Usomaji huo ni sahihi, lakini haukamiliki.

Tuangalie vitu vinavyotajwa. Kuna majumba yenye taa, na kuna madaka yaliyopangwa sahani, ambamo sasa ndege wamefanya viota. Vitu vya namna hiyo vililetwa na majahazi kwa pepo za msimu. Hata hivyo, bahari katika utungo huu si njia ya biashara; ni sitiari ya dunia yenye mawimbi na matumbawe. Mali huonekana ikiwa imekwisha kuingia nyumbani. Bandari, nahodha na mchukuzi hawapewi nafasi. Kadhalika, anguko la Pate huelezwa kwa ghururi na mauti, ilhali historia yataja pia ugomvi wa kugombea utawala na kushindwa katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812.

Ukimya huo si dosari ya kifasihi. Kituo cha kila ubeti, kinachorudia mwisho mmoja toka mwanzo hadi tamati, chataka hukumu moja tu, na utungo waipata. Dosari ni ya mhakiki anayeurithi ukimya huo bila kuuhoji.

Jambo hili lina uzito hata leo. Lamu, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, huwapokea wageni kwa mashindano ya majahazi, ya punda na ya mashairi. Humo jahazi limekuwa pambo. Wakati huohuo bandari mpya ilifunguliwa mwaka 2021, baada ya Mahakama Kuu kuamuru, mwaka 2018, kwamba wavuvi walioathirika walipwe fidia. Tamasha laonyesha urithi. Wavuvi wauliza nani ataishi kwa bahari.

Mwanafunzi wa Lubumbashi, mji ulioasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, hana haja ya kuiona Pate ili aelewe. Kila aonapo utajiri katika utungo, aulize umepitia mikononi mwa nani. Hapo Al-Inkishafi haitapungukiwa na mawaidha yake, itaongezewa watu.