Ulimi, Tete na Kifungio: Tahakiki ya Majina ya Viungo vya Zumari na Jamaa Zake

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa zumari ni nini, aghalabu hujibu kuwa ni aina ya filimbi, na mwalimu wake humpa alama. Jawabu hilo halistahili alama. Katika filimbi pumzi hupasuliwa na ukingo wa tundu, na hewa yenyewe ndiyo itetemekayo. Katika zumari pumzi hupita baina ya vipande vyembamba vya jani kavu vilivyofungwa kwa uzi juu ya neli ndogo ya chuma, navyo ndivyo vitetemekavyo. Mpigaji wa Lamu au wa Pemba huviingiza vipande hivyo kinywani, huegemeza midomo yake juu ya kisahani, hujaza mashavu pumzi, na huvuta hewa kwa pua huku akiendelea kupuliza, sauti isikatike. Klarineti, obo na saksafoni ni jamaa za zumari, wala si za filimbi.

Kosa la pili ni la wafasiri wetu. Kile kitetemekacho hukiita pengine mwanzi, pengine tete, na mwenye haraka huandika ‘ridi’ akapita. Mwanzi ni mmea mwingine kabisa. ‘Tete’ lina haki zaidi, kwa kuwa ndimi za klarineti kwa desturi huchongwa kutokana na tete kubwa limealo katika jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, ambalo huachwa likue kama miaka miwili, likakatwa, likakaushwa kwa muda mrefu, ndipo likachongwa. Hata hivyo nasema neno hili nalo halifai kuwa jina la kiungo, na sababu yangu naitoa mahali ambapo matete yako tele.

Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru upande wa Zambia, tete halihitaji kufasiriwa. Limeota kando ya maji, na wasemao Kibemba wana jina lake lenye asili moja na letu. Ng’ambo ni Kongo, penye miji ya Pweto na Kilwa, na Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa pamoja na wafanyao biashara ya samaki. Tangu mwaka 2018 wilaya hiyo pia ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambamo Kiswahili cha Kongo husikika. Huko nilimwona kijana wa bendi ya kanisa ambaye klarineti yake ilikuwa imepoteza pete yake ya chuma. Alikuwa amekifunga kile kitetemekacho kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, mizunguko imebanana sawasawa, na ala ililia vizuri. Nilimwuliza kitu anachokifunga anakiitaje. ‘Ni lulimi, mwalimu,’ akasema, kwa matamshi ya kwao. Tete lilikuwa limesimama hatua ishirini kutoka tulipokaa, naye hakulitaja.

Kijana huyo alikitaja kiungo kwa kazi yake, sisi twakitaja kwa mmea wake. Na mmea hubadilika. Zumari yetu hutumia jani, klarineti hutumia tete, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 kampuni ya Légère ya Kanada imekuwa ikitengeneza ndimi za plastiki zisizohitaji kuloweshwa wala zisizopindika zikikauka. Tutaandika ‘tete la plastiki’? Ulimi wa plastiki hauna tatizo lolote, kama vile ulimi wa kiatu na ndimi za moto zisivyo na tatizo. (Nionye hapa kwamba matete ya Mweru si yale ya Var. Bua lake ni jembamba, na mwenye kutarajia kulichongea klarineti atapoteza kisu na siku yake.)

Historia ya kile ambacho ulimi hufungwa juu yake yathibitisha jambo hilohilo. Zamani kilichongwa kwa mbao au pembe. Katika karne ya 19 ukaja mpira uliopikwa na kiberiti hata ukawa mgumu, ambao hauvimbi kwa mate kama mbao. Adolphe Sax, aliyepewa hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846, alikipa ala yake chumba cha ndani kipana, sauti ikawa laini. Karne ya 20 ikataka makelele: ilibidi saksafoni isikike mbele ya ngoma na magitaa ya umeme, kama katika OK Jazz iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956, na watengenezaji wakakibana chumba, wakateremsha paa lake, wengine wakakifanya cha chuma. Sauti ikapata ukali na ikapoteza unene. Kuyaita hayo yote ‘maendeleo’ ni uvivu wa fikra. Ni mabadiliko yaliyoleta hiki na kuondoa kile. Wengine hukiita kiungo hiki ‘mdomo’, na papo hapo tunapata sentensi ya ajabu, mdomo ndani ya mdomo. Mimi nakiita kipulizio.

Limebaki lile linalobana ulimi juu ya kipulizio. Hapo mwanzo lilikuwa uzi tu. Mapema katika karne ya 19 mpigaji klarineti Iwan Müller alileta pete ya chuma yenye skrubu, nayo ikaenea. Lakini wapigaji wengi wa Ujerumani hufunga kwa uzi hadi leo, tena kwa hiari yao, wala si kwa kupotelewa na pete kama yule wa Nchelenge. Siku hizi huuzwa vya ngozi, vya kitambaa na vilivyopakwa dhahabu, na maneno ya wauzaji ni mengi kuliko ya kiungo kingine chochote. Siyaamini sana. Ulimi ukilala bapa na kubanwa imara pasipo kunyongwa, kazi ya kiungo hiki imekwisha kwa sehemu kubwa. Tofauti azisikiazo msikilizaji hutoka kwenye ulimi na kwenye chumba cha kipulizio. Kwa kuwa kimekuwa uzi, chuma, ngozi na nguo, hakiwezi kuitwa pete wala ukanda. Ni kifungio.

Liko jambo la nne lisilo na jina katika vitabu vyetu: ule upenyo mwembamba kati ya ncha ya ulimi na ncha ya kipulizio, ambao fundi huupima kwa sehemu za milimita, na ambao ukizidi humchosha mpigaji, ukipungua huikaba sauti. Wapigaji zumari nao huibana na kuilegeza nafasi iliyo kati ya vipande vyao viwili kabla ya kila ngoma. Walimu walioko Lamu, Pemba na Mombasa wawaulize kitendo hicho hukiitaje, kabla wafasiri hawajatuletea ‘fesingi’.