Dubu wa Danieli katika Nchi ya Simba

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika Danieli sura ya 7, yataja simba, dubu na chui. Msomaji wa Mpanda, jirani wa mbuga za Katavi, simba na chui awajua kwa hofu. Dubu hamjui ila kwa jina. Hapo ndipo fasiri huweza kupotoka: jina tupu hugeuzwa fumbo, na mhubiri akatia ndani yake taifa alichukialo, ijapokuwa aya ya 17 yasema wazi kwamba wanyama hao ni wafalme. Mnyama wa nne hakupewa jina, na watafsiri walifanya vema kutombunia. Wala simba hana maana moja: katika Ufunuo 5:5 ni Kristo. Nacho Ufunuo 13:2 chawaunga wale watatu katika mwili mmoja, dubu akibakiwa na miguu tu.