Mpaka wa Rafu

Kununua santuri si kukusanya santuri. Mwenye pesa anaweza kuingia dukani asubuhi akatoka na LP hamsini, na jioni bado hana mkusanyo. Ana mzigo tu. Mkusanyo huanza pale mtu anapojiwekea mpaka, akajua kipi kinaingia na kipi kinabaki nje hata kikiwa kizuri namna gani. Hapo ndipo pesa zinapopungua nguvu na ufundi unapochukua nafasi yake. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, kwa kuwa nimeishi nao miaka mingi katika nyumba ya kupanga hapa Kahawa Wendani, na sijaona kazi nyingine ya mapumziko inayomfunza mtu subira na usikivu kwa kiasi hicho.

Mpaka wangu ni huu: roki progresivu na jazi ya fusheni iliyochipuka kati ya mwaka 1968 na 1976, pamoja na matawi yake, lakini kwa wale wanamuziki tu ambao njia yao iligusa Afrika Mashariki, iwe kwa kuzaliwa, kwa kupita au kwa jina. Rafiki zangu waliposikia walidhani nimejifungia katika ua mtupu. Kwa maoni yao, muziki huo ni wa Wazungu wa London wenye nywele ndefu na Wamarekani wenye vinanda vya umeme, nasi huku tulikuwa na rumba na benga. Ni kweli tulikuwa na rumba na benga, tena tele. Lakini ua haukuwa mtupu.

Chukua Miles Davis. Mwaka 1968 alirekodi Filles de Kilimanjaro, santuri ambayo ndani yake piano ya umeme na besi ya umeme zinaanza kuchukua nafasi zao, na jazi ya zamani inaanza kuaga polepole bila kelele. Jina hilo kwa sehemu lilitokana na Kilimanjaro African Coffee, kampuni ya kahawa ambayo Miles alikuwa ameweka pesa zake. Kwa sisi tunaoishi palipokuwa mashamba ya kahawa, sioni santuri inayostahili zaidi kuifungua rafu.

Katika sehemu ya santuri hiyo, anayepiga kinanda ni Herbie Hancock, na yeye ndiye uti wa mgongo wa mkusanyo wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mmoja mpiga ngoma, James Forman, alikuwa kule California katika kundi la Maulana Karenga, aliyeanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966. Kijana huyo alijiita Mtume. Alikuwa mpwa wa mpiga dramu Albert Heath, aliyejiita Kuumba, na mwezi Desemba 1969 walirekodi pamoja santuri iitwayo Kawaida, Hancock akiwa kwenye kinanda na Don Cherry kwenye tarumbeta. Mtume akawagawia wenzake majina, na majina hayo yakakaa. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Bennie Maupin wa klarineti besi akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na huyo kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari na kuufanya.

Albamu iitwayo Mwandishi ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, ikatoka mwaka uliofuata. Nimeshika jalada lake mara nyingi, na kila mara hufurahi kuona majina yale yamechapishwa bila maelezo, bila kuomba radhi kwa msomaji wa Marekani. Wimbo wa kwanza, "Ostinato", umetolewa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa gerezani. Besi na klarineti besi zinarudia fungu moja la mapigo kumi na tano, na sikio lililozoea mapigo manne hujikuta likifika nusu hatua kabla ya muziki au nusu hatua baada yake. Dramu zinapigwa na watu wawili. Mmoja ni Jabali, na wa pili ni kijana wa miaka kumi na minane, Leon Chancler, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ndugu hadi alipofariki. Miaka kumi na miwili baadaye Ndugu huyohuyo ndiye aliyepiga dramu katika "Billie Jean" ya Michael Jackson. Watoto wangapi wa mtaa huu wamecheza kwa mkono wake bila kujua?

Ufundi wa kukusanya unaanza kulipa hapo. Mtu anayesikia wimbo mmoja hupata wimbo mmoja. Anayefuata kundi kutoka santuri hadi santuri husikia watu wakibadilika. Katika Crossings ya 1972, upande mzima wa kwanza ni kipande kimoja cha karibu dakika 25, na Patrick Gleeson ameingia na sinthesaiza yake ya Moog, kiasi kwamba kundi linasikika kana kwamba limeongezewa chumba kipya. Katika Sextant ya 1973 mashine imekuwa mwanachama kamili. Kisha kundi linavunjika, kwa sababu kulisafirisha kulikula pesa kuliko lilivyoingiza, na mwaka uleule Hancock anatoa Head Hunters, ambayo iliuzwa kwa wingi ajabu.

Head Hunters sinayo rafuni. Ni santuri nzuri, na ni rahisi kupatikana kuliko zote nilizozitaja. Lakini majina yamekwisha kuondoka jaladani, na ile njia ya kuelekea Afrika Mashariki iliyonileta kwenye muziki huu haimo tena ndani yake. Nimeishika mkononi sokoni zaidi ya mara moja, nikairudisha. Uamuzi kama huo ndio unaoifanya rafu iwe na kauli. Vivyo hivyo nimewaacha nje Osibisa, walioanza London mwaka 1969, ambao jalada lao la kwanza lilichorwa na Roger Dean, msanii yuleyule aliyekuja kuichorea bendi ya Yes. Ninawapenda Osibisa. Lakini njia yao ilitoka Afrika Magharibi, na mkusanyaji anayevunja mpaka kwa ajili ya mapenzi atauvunja tena kesho kwa ajili ya bei nafuu.

Walioingia ni wale wa ukoo. Mganga alitoa Realization mwaka 1973 na Inside Out mwaka 1974, akiwa na karibu kundi lote la Mwandishi nyuma yake. Mwaka huohuo wa 1974 kampuni ya ECM ya Munich ilitoa The Jewel in the Lotus ya Maupin na Love, Love ya Priester, na hii ya Priester ina jina la Pepo Mtoto jaladani. Kawaida ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, maana ilitolewa na lebo ndogo. Ilipofika hatimaye, niliisikiliza pande zote mbili kabla ya kuongea na mtu.

Upande wa roki nitaupitia kwa haraka zaidi, ingawa njia yake inapendeza. Peter Gabriel aliimba na bendi ya Genesis hadi mwaka 1975, na santuri yao pacha ya 1974, The Lamb Lies Down on Broadway, ni mojawapo ya nguzo za roki progresivu. Baadaye Gabriel alianzisha lebo ya Real World, na mwaka 1993 lebo hiyo ikatoa En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, mpiga nyatiti. Ogada ndiye yule Job Seda aliyekuwa akipiga Nairobi miaka ya 1970 katika Black Savage, vijana waliochukua gitaa za umeme na kujaribu kuona roki itasema nini ikizungumza kutoka hapa. Kwa hiyo ukiianza njia kwa Genesis na kuifuata bila kuchoka, unaishia Nairobi, katika bendi ya vijana wa mjini. Pembeni yao wamekaa Matata, Wakenya waliokwenda London na kurekodi huko mwanzoni mwa muongo huo, na Sunburst wa Dar es Salaam, ambao albamu yao Ave Africa ya 1976 ilirekodiwa Zambia na kutolewa upya mwaka 2016 na lebo ya Strut.

Kazi ya mikono nayo ni nusu ya ufundi, na haisifiwi vya kutosha. Santuri hushikwa ukingoni na kwenye lebo, kamwe si kwenye mifereji. Huitazami chini ya taa kwa kuikabili. Unaiinamisha hadi mwanga uteleze juu yake, ndipo mikwaruzo inapojitokeza. Mkwaruzo unaoonekana lakini kucha haiuhisi mara nyingi hausikiki. Ule unaokwamisha kucha, achana nao. Kisha unasoma namba zilizochongwa kwenye ukingo wa ndani, karibu na lebo, maana jalada linaweza kudanganya na namba zile hazidanganyi: zitakuambia santuri ilikatwa kutoka bamba gani, na kama kilichomo ndicho kilichoandikwa nje.

Huku kwetu adui ni wawili, vumbi na joto. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, magari hayalali, na vumbi la Wendani linapenya hata pale dirisha lilipofungwa. Ninaosha kila santuri inayoingia kwa maji yasiyo na chumvi, tone la sabuni laini na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikifuata mzunguko wa mifereji, bila kuikata. Ninaikausha ikiwa imesimama. Na wima ndivyo zinavyokaa rafuni, kwa maana santuri zilizolazwa moja juu ya nyingine hupinda, na chini ya paa la mabati hupinda haraka.

Mahali pa kutafuta ni pachache, na hilo lina faida yake, kwa kuwa watu hufahamiana. Kenyatta Market yupo Jimmy Rugami, ambaye wapenzi wa santuri wa Nairobi wanamjua kwa kibanda chake cha Real Vinyl Guru. Amekaa na biashara hii wakati wengine wote walipoitupa, na vijana wengi walioshika santuri kwa mara ya kwanza katika miaka ya karibuni waliishika hapo. Ukikaa kibandani kama hapo saa moja bila kununua chochote, utajifunza kuliko ukisoma mwezi mzima. Utasikia mzee akibishana na kijana kuhusu nani alipiga gitaa wapi, na mara nyingi wote wawili wana haki.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nihangaike wakati muziki huu wote uko kwenye simu. Sehemu kubwa ya Mwandishi iko kwenye simu, sikatai. Lakini kukamilisha upande ule wa Marekani kumenifunza jambo ambalo simu haingenifunza: ni rahisi zaidi, leo hii, kupata santuri iliyotengenezwa California mwaka 1971 kuliko kupata santuri ndogo ya mizunguko 45 iliyotengenezwa Nairobi mwaka 1976. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri, na ndiyo maana hata bendi za Tanzania zilikuja kurekodi huku. Wimbo ulikatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande ule, ukatiwa katika bahasha ya karatasi tu, ukapelekwa kwenye baa na vilabu na kupigwa hadi mifereji ikafa. Kisha kaseti zikaja, na wezi wa kunakili nyuma yake, na santuri za Nairobi hazikupata mtu wa kuzitunza. Ya Marekani ilikuwa na jalada gumu, ilinunuliwa na mtu mwenye kabati, ikakaa kabatini.

Jambo hili linaniuma. Kundi lililochukua majina yetu kutoka ng'ambo ya bahari limehifadhiwa hadi sekunde ya mwisho, na vijana wa Nairobi waliokuwa wakifanya jaribio lilelile katika miaka ileile wamebaki kwenye vipande vilivyotawanyika. Kazi nzuri imefanywa. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, na bila santuri zilizotunzwa na watu binafsi kazi za namna hiyo hazingewezekana. Ndiyo sababu sikubali mkusanyaji aitwe mtu wa anasa. Pale ambapo kampuni zimefungwa na kumbukumbu zake kupotea, rafu ya sebuleni ndiyo maktaba iliyobaki.

Upande wa ng'ambo wa rafu yangu umekamilika. Upande wa nyumbani una mapengo, na mapengo hayo hayatazibwa kwa pesa kutumwa Ulaya. Yatazibwa kutoka nyumba za hapahapa. Kwa hiyo nawaomba ninyi wa Wendani, Sukari, Ruiru na Thika ambao wazazi wenu walikuwa vijana miaka ya 1970: kabla hamjamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, fungueni masanduku yaliyo juu ya kabati na chini ya kitanda. Msizifute santuri kwa nguo mliyovaa. Zisimamisheni wima, mbali na jua, na andikeni kwenye karatasi zilikuwa za nani na alizinunua wapi, wakati wa kuwaambia wangali hai. Na kama kati yake mtaona lebo yenye jina la Black Savage, nitafuteni. Nitalipa bei ya haki, na mwenyewe atakaribishwa kuja kuisikiliza wakati wowote apendao.