Mvuto wa Mhusika Mwenye Utata wa Kimaadili: Rosa katika Riwaya ya Rosa Mistika

Utangulizi

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kutokana na namna inavyosawiri mahusiano ya kimapenzi, kisha baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa shuleni. Mabadiliko hayo yanadhihirisha ugumu wa kumweka Rosa upande mmoja wa mizani ya maadili. Usomaji mmoja humwona mpotovu. Mwingine humwona mhanga wa malezi. Makala haya yanadai kuwa usomaji wote huo humpunguza, kwa kuwa mvuto wake unatokana na jinsi riwaya inavyomzuia msomaji kutulia katika upande wowote.

Mpangilio wa matukio na huruma ya msomaji

Aristotle alibainisha kuwa mhusika wa tanzia anayeamsha huruma na hofu si mwema kupindukia wala si mwovu, bali ni mtu wa kati anayeanguka kwa kosa fulani. Katika Rosa Mistika, huruma hiyo inaandaliwa kabla ya kosa. Msomaji anashuhudia kwanza Zakaria, baba mlevi, akimpiga bintiye kwa sababu ya barua ya Charles. Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba na kuanza kujiingiza katika mahusiano na wanaume, msomaji anayapima matendo yake akiwa na kumbukumbu ya kipigo kile. Matukio hayo yangepangwa kinyume, kipigo kingeonekana kuwa onyo lililopuuzwa.

Hata hivyo, mpangilio huo haumwondolei Rosa dhamana. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo inaeleza chanzo cha anguko lake, lakini haielezi kila uamuzi anaoufanya akiwa mtu mzima, ukiwemo wa kutoa mimba. Zakaria naye si katili tu. Hofu yake juu ya heshima ya binti ni hofu ya wazazi wengi. Udhaifu wake ni kulinda kwa fimbo heshima ambayo ulevi wake mwenyewe unaivunja kila siku.

Jina na hukumu

Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Rosa anabeba jina hilo katika jamii inayompima msichana kwa ubikira wake, na jamii hiyo haina kipimo kama hicho kwa mwanamume. Charles anamwacha baada ya kujua kuwa si bikira, wakati Rosa amekwisha kuacha mwenendo wa zamani na anatazamia ndoa. Hukumu inamkuta katika toba, na hapo ndipo huruma ya msomaji inapofikia kilele. Hata msomaji aliyemlaumu hapo awali anajikuta akiipinga adhabu ambayo pengine angeitaka yeye mwenyewe kurasa chache nyuma.

Inaweza kujengwa hoja kwamba kujiua kwa Rosa ni adhabu ya mwandishi kwa mwanamke mkosefu. Hoja hiyo inadhoofishwa na kifo cha Regina, mama mvumilivu asiye na makosa ya bintiye, anayefariki kutokana na msiba huo. Kifo kinachowachukua wote wawili hakiwezi kusomwa kama kipimo cha maadili.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kuwa mvuto wa Rosa hautokani na kusamehewa. Unatokana na msomaji kulazimika kuhama upande zaidi ya mara moja, na kila anapohama anagundua kasoro katika kigezo alichokitumia awali. Kwa hiyo swali la nani alaumiwe, lililozoeleka katika ufundishaji wa riwaya hii, halitoshi. Swali lenye tija zaidi ni hili: msomaji anaacha kumlaumu Rosa katika tukio lipi, na ni nini katika masimulizi kilichomfanya aache?