Mswada Utakaokusemea

Mwandishi wa tamthilia ya televisheni hukaa na wenzake akawasemesha wahusika ambao hakuwabuni yeye, na mtazamaji asijue kalamu imepokezanwa wapi. Mimi naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini kabla hujaipata, produsa atakwambia: nitumie skripti yako moja. Kujua utume ipi ni ufundi kamili.

Vijana wengi wa Kitui na Makueni hutuma jumba la kifahari la Nairobi: tajiri, wosia, sumu kwenye glasi. Nawaelewa. Tamthilia ya Maria, iliyoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka wa 2019, iliteka nchi kwa kisa cha msichana wa mtaa wa mabanda aliyeingia nyumba ya tajiri. Ila majumba hayo produsa anayo tele mezani.

Sasa tazama onyesho hili: mto Thwake wakati wa kiangazi. Alfajiri, dada amechimba kisima mchangani, anangoja maji yatulie, anayachota kwa kikombe hadi mtungi ujae. Lori linafika, na kaka yake anashuka na sepetu. Anapakia harakaharaka, kwani tangu 2015 Makueni ina sheria ya kulinda mchanga. Wote wawili wanajua kwamba mchanga ndio unaotunza maji ya mto huu wa msimu. Hakuna anayelitaja hilo.

"Umekula?" dada anauliza.

"Karo nitatuma leo."

Kaka anamsaidia kumbebesha punda mtungi, kisha anarudi kwenye lori.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya kioo, na hapa hatujamaliza hata kurasa mbili. Tayari produsa ameona kwamba unajua kinachowauma watu, unajua kunyamaza, na unajua mahali pa kukata. Hayo atayahitaji hata kwenye tamthilia yake ya majumba. Na asidhani mtu kwamba mambo ya kijijini hayauziki: Country Queen, iliyofika Netflix mwaka wa 2022, ilisimama juu ya ugomvi wa kijiji na kampuni ya dhahabu.

Basi, ndugu mwandishi uliyeko Mwingi, Mutomo au Wote, kabla ya kutuma, msomee skripti yako kwa sauti mtu anayeteka maji mtoni. Akikukosoa, rekebisha. Kisha tuma hiyo.