Jina la Kanga Halisomwi Kwenye Orodha

Mwaka juzi nilinunua doti ya kanga sokoni Mpanda mjini, nikarudi nayo Shanwe nikijiona nimemaliza kazi. Ilikuwa zawadi ya binamu yangu aliyekuwa anakaribia kuolewa. Rangi ya zambarau, pindo limekolea, bei haikuniumiza. Shangazi, mama yake bibi harusi, akaikunjua kitandani, akasoma, akanyamaza. Kisha akauliza: "Mwanangu, haya maneno umemwandikia wewe?"

Pale chini paliandikwa: Mchagua nazi hupata koroma.

Binamu yangu alikuwa amekataa wachumba watatu kabla ya huyu. Na mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada, nilichagua rangi.

Angalia neno alilotumia shangazi. Hakusema nimemnunulia, alisema nimemwandikia. Kwangu huo ni uhakiki wa kanga kuliko zile orodha za misemo tunazotumiana mtandaoni. Orodha inang'oa jina kwenye nguo, na nguo kwenye mwili. Ukiisoma methali ile kwenye orodha, ni nasaha kwa watu wote, yaani haimgusi mtu. Mabegani mwa bibi harusi, imetoka kwa ndugu, ni tusi. Akijinunulia mwenyewe akaivaa mbele ya mumewe, ni utani wa mapenzi. Herufi hazijabadilika hata moja.

Kanga ina pindo, mji na jina. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndiyo zikaja za Kirumi. Duka la Kaderdina la Mombasa, lililoanzishwa 1887, limejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Naipenda alama hiyo kwa sababu inatania: kitambaa kinatangaza ni mali ya Abdulla, lakini maneno ni mali ya anayetoa. Mtunzi wa mwisho wa kanga ni mnunuzi.

Ndiyo maana kununua kanga kunafundishwa. Shangazi alinirudisha sokoni, safari hii tukiwa wawili. Kikunjue chote, akasema, anza na jina. Mtaje moyoni atakayevaa, halafu usome tena. Jina likae katikati. Ndipo ushike kitambaa, maana dawa ya kiwandani hudanganya mkono, maji ya kwanza yanaiondoa. Kitenge hakikupi kazi hii, hakina jina.

Kuvaa nako ni kusoma. Ukijifunga vizuri kiunoni, jina linashuka nyuma, juu ya pindo la chini. Mvaaji halioni. Msomaji ni yule anayekuja nyuma yako, na hujui ni nani. Nijuavyo mimi, hakuna kitabu kinachomwamini msomaji kiasi hicho.

Kwa hiyo kanga za kampeni, zenye neno lilelile kwa kila mgongo, kwangu ni mabango tu. Hakuna aliyechagua, hakuna aliyeandikiwa.

Binamu alipata nyingine: Wema hauozi. Ile ya zambarau shangazi hakuirudisha dukani. Aliikata, akapinda ncha, akajifunga. "Hii naivaa mimi," alisema akicheka. "Mimi sikuchagua, nilichaguliwa." Akatoka kwenda kisimani, nami nyuma yake, nikisoma upya maneno niliyodhani nimeyaelewa.