Vijana 13 na Nyumba Kumi Kumi: Wakazi wa Nairobi Walivyofunzwa Kupanga Mitaa Yao

Ukitaja Kenyatta Market jijini Nairobi, wengi hukumbuka nyama choma na wasusi wa nywele. Soko hilo limezungukwa na mitaa kama Golf Course na Ngummo, mitaa iliyochorwa kwanza ndipo ikajengwa. Mwendo mfupi kutoka hapo uko mtaa wa mabanda wa Kibera, ambao ulijengwa kabla ya kuchorwa. Hadi mwaka 2009, aliyefungua ramani za mtandaoni aliiona Golf Course na barabara zake, na palipokuwa na Kibera akakuta doa tupu.

Si kwamba Kibera ilikosa watafiti. Kwa miaka mingi mashirika yalipishana vichochoroni na madodoso yao, kila moja likihesabu lake na kuondoka nalo. Mkazi aliulizwa maswali yale yale mara nyingi bila kuona majibu yake yalikoishia. Matokeo yake ni kwamba hata idadi ya watu haikujulikana. Wapo waliosema milioni moja. Sensa ya Agosti 2009 ilihesabu watu 170,070. Tofauti hiyo si ya wanatakwimu peke yao, kwa maana vyoo, zahanati na madarasa hupangwa kwa idadi ya watu, na asiye na hesabu yake mwenyewe hana la kusema pale hesabu ya mwingine inapowekwa mezani.

Mwishoni mwa mwaka huo ukaanza mradi wa Map Kibera, ulioasisiwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Namna ulivyofanywa inastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna mafunzo yaliyofaulu na mapengo ambayo miradi iliyofuata ililazimika kuyaziba.

Waliteuliwa vijana 13 kutoka vijiji vya Kibera, kama vile Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba na Silanga. Uteuzi wa kijiji kwa kijiji ulikuwa uamuzi wa kiufundi kabla ya kuwa wa haki. Kibera haipitiki kirahisi kwa mgeni, na mtu wa kijiji cha Makina si lazima ajue vichochoro vya kile cha Soweto. Kijana aliyepewa kijiji chake anajua bomba lipi limekauka, mlango upi wa mabati ni wa zahanati, na jengo lipi ni kanisa Jumapili na shule Jumatatu. Hakuna picha ya setilaiti inayoonyesha hayo.

Masomo ya darasani yalikuwa mafupi, na sehemu kubwa ya kujifunza ilifanyika njiani. Kijana alitembea na kifaa cha GPS kilichorekodi njia yake, akaandika alama za vituo vya maji, vyoo, shule, misikiti, makanisa na maduka ya dawa, kisha akarudi kwenye kompyuta kuzichora juu ya picha ya anga na kuziingiza katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote duniani anaweza kuihariri. Kosa lilijulikana upesi: njia iliyochorwa vibaya ilikataa kuungana na ya jirani, na kijana wa kijiji hicho akarudi kuipita tena. Baada ya wiki 3 hivi ramani ya kwanza ilikuwa tayari. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kugusa vifaa vya aina hiyo.

Mafunzo mengi ya wananchi hukosea hapo. Mtu hukalishwa hotelini siku mbili, akapewa kalamu, daftari na nauli, akaelezwa maana ya ushirikishwaji, akarudi nyumbani bila kazi ya kufanya. Map Kibera iligeuza mpangilio huo: kazi ilitangulia, na somo likaja pale kazi ilipolihitaji.

Hata hivyo, ramani ilipokamilika, maswali magumu yalianza. Vijana waliuliza kuhusu posho, na walikuwa na haki ya kuuliza: kijana anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kujitolea mwezi mzima huku vifaa na safari za wageni zikilipiwa. Wakazi nao waliuliza ramani hii ni ya nani. Ilikuwa mtandaoni, wazi kwa ulimwengu mzima, lakini mama anayeuza mboga Laini Saba hakuwa na njia ya kuiona. Mradi ulionuia kumpa mkazi taarifa zake ulikuwa umeziweka mahali ambapo mgeni alizifikia kabla yake.

Jibu lilipatikana katika karatasi. Kuanzia mwaka 2010 ramani zilichapishwa na kupelekwa kwenye mikutano ya wakazi zikigawanywa kwa mada: afya, elimu, usalama, maji na usafi. Katika mada ya usalama, iliyofanywa kwa ushirikiano na UNICEF, karatasi inayopenyeza mwanga iliwekwa juu ya ramani na washiriki, wakiwemo wasichana, wakatia rangi mahali wanapoogopa kupita. Baadaye ramani zilichorwa hata kutani. Kandokando yake ilizaliwa Voice of Kibera, jukwaa la habari za wakazi lililotumia programu ya Ushahidi, pamoja na Kibera News Network, ambapo vijana walipiga video za mitaa yao. Ramani iliyotiwa rangi na msichana wa kijiji ni ushahidi wa kupangia, kwani inamwonyesha mhandisi taa iwekwe wapi. Hiyo ndiyo hatua ambapo kukusanya takwimu kunageuka kupanga.

Shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006 na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, lilishika upande mwingine wa kazi, ule wa ujenzi. Lilianzia kandokando ya mto unaomwaga maji katika Bwawa la Nairobi, mahali palipokuwa pa taka na mafuriko. Huko vikundi vya wakazi vilikaa na wasanifu, wakachora, wakatengeneza vielelezo vidogo vya eneo, wakaamua kipi kitangulie kati ya choo, uwanja wa watoto, daraja na kituo cha maji, kisha wakashiriki kujenga. Lenye thamani zaidi kiufundi ni kwamba kila eneo liliunganishwa na shughuli ya kuingiza kipato, ili kikundi kimudu kulitunza. Nairobi ina vyoo vya ufadhili vingi vilivyofungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyepanga nani atalipa fundi bomba mwaka wa tatu. Kikundi kilichofunzwa kutunza daftari la mapato kina nafasi kubwa ya kubaki na choo kinachofanya kazi.

Lakini ramani nzuri na uwanja mzuri havizuii tingatinga. Tarehe 23 Julai 2018 nyumba, shule na makanisa ya Kibera vilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Lang'ata na Ngong Road. Maelfu ya watu walikosa makao. Mazungumzo ya kuwahesabu waathiriwa na kuandaa mpango wa kuwahamisha yalikuwa yameanza, na ubomoaji ukafika kabla hayajakamilika. Wakazi walikuwa na ujuzi wa kuhesabu na kuchora. Hawakuwa na mahali ambapo hesabu yao ilimfunga mtu kisheria.

Pengo hilo ndilo lililojaribiwa kuzibwa upande wa pili wa jiji, katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani.

Ardhi ya mitaa hiyo mitatu ya Mukuru kwa sehemu kubwa ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda vidogo, nayo ikakaa bila kuendelezwa huku watu wakijenga vyumba vya mabati juu yake. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996, lilikuwa limejijenga kwa vikundi vya akiba. Sifa yake ilikuwa tayari imeonekana magharibi mwa jiji, katika soko la Toi karibu na Adams Arcade. Soko hilo liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wachuuzi waliokuwa wakiweka akiba pamoja walisaidiana kulisimamisha tena. Joseph Muturi, aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wa kitaifa wa Muungano, alikuwa mchuuzi wa Toi. Waliozoea kuaminiana kwa shilingi chache za kila siku wana msingi wa kujadiliana mambo makubwa kuliko hayo.

Huko Mukuru, Muungano ulishirikiana na Akiba Mashinani Trust, Taasisi ya Katiba, Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika utafiti ambao wakazi wenyewe walikusanya taarifa. Ulionyesha jambo ambalo wakazi walilijua mifukoni mwao: maskini wa Mukuru hununua maji kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya mwenye bomba katika mtaa uliopangwa. Ushahidi huo ulipelekwa kwa Kaunti ya Jiji la Nairobi, na Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Safari hii ushahidi wa wakazi ulikuwa umezaa tangazo la kisheria.

Ikabaki kazi yenyewe. Zaidi ya kaya 100,000 zitashirikije kuandika mpango mmoja? Ukiita baraza la chifu, wanafika mia mbili, wanazungumza watano, na wanne kati yao ni wenye vyumba vya kupangisha. Waandaaji waliligawanya eneo lote kuanzia chini: takriban kaya 10 zikawa kundi moja lenye mwakilishi wake, makundi 10 yakaunda ngazi ya kaya 100 hivi, na juu yake zikawekwa sehemu kubwa 13 zilizobeba mashauriano rasmi. Wahamasishaji waliopewa mafunzo, wengi wao wakiwa wakazi wa hapo hapo, walipita mlango kwa mlango kueleza tangazo la kaunti lina maana gani na kuratibu uchaguzi wa wawakilishi.

Muundo huo una ubora ambao ni rahisi kuupuuza. Wakazi wengi mno wa Mukuru ni wapangaji. Mikutano ya kawaida huwapa sauti wenye majengo kwa sababu ndio wanaojulikana na chifu. Kuhesabu kwa kaya, badala ya kuhesabu kwa umiliki, kulimfanya mpangaji wa chumba cha futi kumi kwa kumi awe na kura sawa na mwenye vyumba ishirini.

Upande wa wataalamu, mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi manane ya fani: afya; elimu, vijana na utamaduni; ardhi na sheria; fedha; maji, usafi na nishati; makazi, miundombinu na biashara; mazingira; na uratibu wa jamii na mawasiliano. Kila kundi liliandaa mapendekezo yaliyorudi kwa wakazi, yakajadiliwa katika sehemu zao, yakarudi tena kwa wataalamu yakiwa na masahihisho. Upana wa barabara unaonyesha kwa nini mzunguko huo ulihitajika. Viwango vya kawaida vya mipango miji, vikitekelezwa Mukuru jinsi vilivyoandikwa, vingewaondoa wakazi wengi katika eneo ambalo mpango ulikuja kuwasaidia. Mhandisi anajua gari la zimamoto linahitaji nafasi gani. Mkazi anajua ukipanua njia hii ni vyumba vingapi vitaanguka na watoto wangapi watahama shule. Kwa kukaa pamoja juu ya karatasi moja walitafuta viwango vyembamba vinavyopitisha huduma bila kufukuza watu. Mtu asiyefunzwa kusoma mchoro angebaki kupinga au kupiga makofi. Aliyefunzwa aliweza kupendekeza njia ipinde wapi.

Gharama kubwa ya kazi hiyo haikuwa darasani. Ilikuwa katika miezi ya kugonga milango, kurudia maelezo, kutuliza uvumi kwamba serikali inakuja kubomoa, na kuwarudishia wakazi majibu ya yale waliyoyasema. Wafadhili hupenda kulipia warsha kwa sababu warsha ina picha na orodha ya mahudhurio. Mhamasishaji anayepita kichochoroni jioni hana picha ya kupeleka, na bila yeye mzunguko mzima ungekatika.

Mwaka 2020 majukumu kadhaa ya kaunti yalihamishiwa Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Barabara, maji na mabomba ya majitaka vikaanza kujengwa Mukuru, na mpango wa wakazi ukatumika kama mwongozo. Hayo ni mafanikio ambayo mitaa michache ya mabanda barani imeyapata kwa kasi hiyo. Kisha mwishoni mwa 2021, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa makao kupisha barabara, katika eneo lile lile lililotangazwa kuwa maalum. Mafunzo hayakushindwa hapo. Iliyoshindwa ni taasisi iliyopokea matunda yake, kwa kuwa mpango ulioandikwa na wakazi bado unaweza kuwekwa kando na ofisi nyingine isiyoshiriki kuuandika.

Kwa hiyo anayetaka kuiga njia hii, iwe Kibera, Tandale au Kisumu, atenge fedha za miaka baada ya mpango kukamilika: wahamasishaji waendelee kulipwa, wawakilishi wachaguliwe upya, na ramani ihuishwe kila mtaa unapobadilika. Na ofisi za barabara, reli na ardhi ziketi mezani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndizo hatimaye hutuma matingatinga.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 184 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka wakazi washiriki katika uongozi wa miji yao, na kifungu cha 22 cha Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 kinawapa jukwaa la kujadili na kutoa mapendekezo kuhusu huduma, bajeti na mipango ya maendeleo. Wachuuzi wa Kenyatta Market na majirani zao wa Ngummo, Golf Course na Kibera yafaa wadai jukwaa hilo kwa maandishi kutoka kwa kaunti na kwa wawakilishi wao wa wadi, nao waliofunzwa Kibera na Mukuru waitwe kuwa walimu wake.